Mashine Niliyoifunga kwenye Mbao ya Chukudu

Jambo lote liligharimu dola thelathini na nane na franga elfu moja. Nimehesabu tena sasa hivi kabla ya kuandika, na bado ni thelathini na nane na franga elfu moja, kwa hiyo asije mtu wa Majengo, mtaa nilikokulia, kuniambia ilikuwa hamsini. Najua wapo wanaosema hamsini. Hao hawakuwapo, au walikuwapo wakicheka, na mtu anayecheka hahesabu vizuri.

Sikuwa nimeikumbuka habari hii kwa miaka. Juzi seremala alikuja kupasua mbao nyuma ya duka langu la kutengeneza vyombo vya umeme hapa Mabanga, Goma, mikaratusi iliyokatwa wiki hiyo hiyo, na jua lilipoipiga ile mbao mbichi, harufu ikaingia mpaka ndani. Unaijua: harufu ya majani yanayochemshwa mtu akiwa na mafua, unafunikwa blanketi na kuambiwa vuta, usiache kuvuta. Wateja wawili wakakohoa. Mimi nilibaki nimeshika bisibisi hewani kama mtu aliyeitwa jina lake, maana kwangu harufu hiyo haijawahi kuwa ya mafua. Ni harufu ya kompyuta.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba yangu alikuwa mtengenezaji wa chukudu, na mtaa wote wa Majengo ulimwita Papa Noela kwa sababu Noela ni mimi, mtoto wake wa kwanza. Kwa wewe usiyeijua chukudu: ni kama baiskeli ya mbao tupu, magurudumu mawili ya mbao yaliyovikwa raba ya tairi, haina pedali wala injini. Mwenyewe anaweka goti moja juu, anasukuma na mguu wa pili, na juu yake kuna magunia sita ya makala, yaani mkaa. Baba aliteremka nayo kutoka milima ya Masisi akiwa kijana, akaitazama njiani kote, na alipofika Goma akaamua kwamba yeye angetengeneza nzuri zaidi. Uwanja wetu wa mawe meusi ulijaa magogo, vumbi la mbao na wanaume wenye haraka.

Mama alitoka upande wa Bukavu, Mkatoliki wa kuamka kabla ya kengele. Aliongoza kwaya ya parokia, na nyumbani pia aliongoza. Mwaka ule nilimaliza darasa la nane, mahali ambapo lazima mtoto achague fani ya kusoma, na Mama alikuwa ameshanichagulia: coupe-couture, yaani ushonaji. Alikuwa amekwenda mwenyewe kuniandikisha. Mimi nilitaka électronique. Mama hakunikatalia kwa ubaya. Alisema tu kwamba cherehani inamjua mwanamke, na kwamba katika darasa lile la électronique hakuna msichana hata mmoja. Hapo hakudanganya. Nilikwenda kuchungulia dirishani: wavulana thelathini na mmoja, wasichana sifuri. Nikahesabu tena, labda mmoja alikuwa amenyoa nywele. Sifuri.

Basi nikaamua kununua ushahidi.

Miaka miwili nilikuwa nimeuza unite, muda wa kupigia simu, kwenye kimeza kidogo mbele ya nyumba, kila siku baada ya shule. Mwanzoni mwa likizo kubwa nikachukua nilichokuwa nimeweka, nikatembea kwa mguu mpaka Birere, kwenye vibanda vya vitu vya occasion, vile vinavyokuja kwa makontena vikiwa vimeshatumiwa na watu wa nchi nyingine mpaka vikawachosha. Nilitafuta kwanza carte mère, ile sahani ya kijani ambayo prosesa, kumbukumbu na waya zote hukaa juu yake. Bila hiyo kompyuta ni mifupa tu. Muuzaji mmoja alikuwa nazo tisa ndani ya beseni, kama mihogo. Nikachukua moja yenye prosesa na feni yake, nikamwomba aifungue.

Chini ya prosesa za wakati ule kulikuwa na pini mia saba sabini na tano, nyembamba kuliko nywele ya mtoto mchanga. Nisiwadanganye, sikuhesabu moja moja. Nilipita mstari kwa mstari nikitafuta zilizolala.

“Yaya, unaulizia bei ama unapima mugonjwa?” akasema yule muuzaji, akiniita dada kwa dhihaka.

Nikamwambia mbili zimelala.

“Zitaamuka,” akasema.

Alitaka dola ishirini na tano. Nikamweleza kwamba kama zitaamka, aziamshe yeye, halafu nitalipa ishirini na tano. Akaniuliza ni nani aliyemfundisha mtoto mdogo hivi roho mbaya. Niliweka carte ndani ya beseni, nikaanza kuulizia ya jirani yake, na tukafika kumi na tano. Vingine vyote, alimentation inayoilisha mashine umeme, vipande viwili vya kumbukumbu, diski, ekrani yenye mstari wa zambarau pembeni, nilivikusanya kwa siku nne nikizungukia vibanda, na kila kibanda kiliniona mara mbili kabla hakijaona pesa yangu. Franga elfu moja ilikuwa ya dawa nyeupe inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha feni ili joto lipite. Pini mbili zilizolala niliziamsha kwa sindano ya Mama, nikiwa nimeshika pumzi. Hiyo ndiyo kazi yote ya sindano niliyofanya mwaka ule, na niliifanya vizuri.

Kilichobaki ni kasha. Kasha la chuma walitaka dola kumi na mbili, kwa sanduku lisilo na kitu ndani. Nikarudi nyumbani nimekasirika, nikamwambia Baba bei. Akauliza sanduku linafanya kazi gani. Nikasema linashika tu. Akacheka puani, akachukua tezo.

Hapa lazima niwaeleze namna mafundi wa chukudu wanavyofanya kazi, maana kila kitu kinatoka hapo. Wanachonga mti mbichi. Si uvivu wala haraka. Mti mbichi unakubali tezo, msumari unaingia bila kuupasua, halafu mti unapokauka unaubana msumari mpaka hata ukiuomba hautoki. Chukudu inakaukia kazini, chini ya mizigo, na ikijipinda kidogo hakuna gunia la makala litakalolalamika. Baba alifanya hivyo miaka yote, na kila fundi niliyemjua alifanya hivyo. Kwa hiyo alinichongea mbao pana ya mkaratusi, laini kama sabuni, ikinuka dawa. Chini ya kila skrubu akaweka kipande cha raba ya tairi, kama anavyoweka kwenye chukudu ili isiruke juu ya mawe. Tulifunga carte yangu juu yake kwa skrubu sita, na Baba akakaza kila moja kwa nguvu za mtu aliyezoea mizigo ya kilo mia tatu. Ilipendeza. Nadhani ilikuwa carte mère pekee duniani iliyotayarishwa kuteremka kilima.

Mtaani kwetu umeme ulikuja Jumatano na Jumamosi, kuanzia saa nne ya asubuhi mpaka saa nane. Masaa manne tu, siku mbili kwa wiki, basi. Jumatano ya kwanza niliunganisha waya, nikabonyeza, na mashine ikawaka. Sitaieleza furaha ile. Mdogo wangu alikimbia kumwita Mama, na Mama akaja akiwa na unga mikononi, akatazama, akasema ekrani ina mstari.

Lakini alikuwa ameona kitu. Kwaya yake ilikuwa na shida. Walikuwa wamepigwa filamu ya nyimbo kumi na moja kwa kamera ya kukodi, na sikukuu ya parokia ilikuwa inakaribia, na filamu ilikuwa bado imelala ndani ya kadi ya kamera. Ilihitaji kugeuzwa na kompyuta ili iingie kwenye DVD na kuuzwa. Mtaani, mwenye kazi hiyo alikuwa Papa Dieumerci, fundi wa redio, simu na mashine, mwenye jenereta yake. Alikuwa na foleni ya harusi za wiki tatu, na alisema kwaya ingoje kama wengine.

Nikamwambia Mama nitaigeuza mimi. Alinitazama kwa jicho lile la kupima kitambaa.

“Filme itoke mu iyi mashini mbele ya siku ya mwisho ya kuandikisha, nitaenda mimi mwenyewe kwa prefe wa shule kupeleka jina yako mu électronique,” akasema. “Isipotoka, utanunua mukasi, na sitaki kusikia tena.”

Nikakubali. Ndipo nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya kabla ya kukubali. Nilijaribu wimbo mmoja, nikapima kwa saa ya ukutani, nikazidisha: filamu nzima ingechukua dakika mia mbili na themanini. Umeme ulidumu dakika mia mbili na arobaini. Na ukikatika katikati, kazi inaanza upya kutoka sifuri. Niliihesabu tena jioni, na tena asubuhi. Dakika arobaini zilikuwa hazipo.

Nilikwenda kumwuliza Papa Dieumerci kama kuna dawa. Alinijibu kwa upole, mbele ya vijana waliokuwa wamekaa kwake, kwamba dawa ni jenereta, na kwamba mimi niendelee na unite, naziuza vizuri. Vijana wakacheka.

Umeme sikuwa na uwezo wa kuurefusha. Basi ilikuwa lazima niifupishe kazi. Nililipia nusu saa ya intaneti, nikasoma kwa Kifaransa kwamba mashine yoyote inaweza kulazimishwa kwenda haraka kuliko ilivyoandikwa kiwandani, nikanakili kila nambari kwenye daftari. Nitawaeleza kama nilivyojieleza wakati ule. Carte inapiga ngoma, na prosesa inacheza. Kwangu ngoma ilikuwa mia mbili, na kwa kila pigo prosesa ilipiga hatua kumi na mbili na nusu. Ukizidisha unapata elfu mbili na mia tano, na huo ndio mwendo wake. Hatua za prosesa zimefungwa na wenye kiwanda, huziwezi. Ngoma hawakuifunga. Unaingia kwenye ule ukurasa wa bluu unaotokea kabla mashine haijaamka vizuri, unatafuta nambari mia mbili, na unaandika nyingine. Vijana wa Birere waliita kuitia pilipili.

Nikaitia kidogo kidogo, maana nilikuwa na mashine moja tu na miaka miwili ya unite ndani yake. Mia mbili na ishirini: ikawaka. Jumamosi iliyofuata, mia mbili na hamsini: ikawaka, na nikaiachia video ikizunguka mpaka umeme ukaondoka. Kwa mwendo huo filamu ya Mama ingechukua dakika mia mbili ishirini na nne. Zingebaki kumi na sita. Jumatano nikataka zaidi, nikaandika mia mbili sitini na sita; iliwaka dakika tatu, ikazima yenyewe, chuma cha feni kikinichoma kidole. Nikarudi kwenye mia mbili na hamsini, nikajiambia kumi na sita zinatosha. Chumba kilinuka mkaratusi uliopashwa moto, na mimi niliipenda harufu ile, sikujua ilikuwa inaniambia nini.

Jumamosi ya mwisho ikafika. Siku ya kuandikisha ilikuwa inafungwa Jumatatu. Nilitoa mashine uwanjani, chini ya bati, kwa sababu nje kulikuwa na baridi nzuri ya asubuhi. Wateja watatu wa Baba walikuwa wamekaa juu ya magogo, mmoja wao mtu mzito wa makala aliyekuwa ameagiza chukudu nne kwa pamoja. Mama alikaa kwenye kiti chake akichambua maharagi, na kadi ya kamera ilikuwa imefungwa kwenye kona ya kitambaa chake. Saa nne redio zote za mtaa zikaamka kwa pamoja. Nikabonyeza.

Feni ikazunguka. Ekrani ikabaki nyeusi.

Nikazima, nikawasha. Nyeusi. Nikatoa kibetri kidogo cha carte, kile kinachoifanya isahau nambari ulizoandika, nikahesabu sitini, nikahesabu sitini tena, nikarudisha. Nyeusi. Nikatoa kumbukumbu, nikazipuliza, nikazirudisha. Dakika kumi zikaisha. Papa Dieumerci akatokea kwenye lango. Kama alikuwa anapita tu, alikuwa amechagua saa nzuri ya kupita. Akainama, akanusa.

“Inanuka kupikwa,” akasema. “Mama Noela, mutoto yako aliiua. Hii mashini ilijengwa ya kutembea, yeye anaikimbizisha. Minamuonea huruma. Nitatoa dola tano, nichukue bipande.”

Mtu wa makala akacheka, na wenzake wakamfuata. Mimi nilikuwa nimepiga magoti juu ya mawe, na kwa mara ya kwanza nilifikiri huenda anasema kweli. Mama hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya. Aliacha tu kuchambua maharagi.

Baba aliweka tezo chini. Akaja, akapiga magoti karibu yangu, akafumba jicho moja, akaitazama ile mbao kwa urefu wake, kama anavyoitazama chukudu kabla ya kuitia gurudumu. Akazunguka, akaitazama tena kutoka upande wa pili. Akaweka kidole gumba kwenye kona, akaomba bisibisi. Alipofungua skrubu ya kwanza, carte ikaruka juu na kulia tak, kama mtu aliyefunguliwa mkanda. Akafungua zote sita. Akachukua rula yangu ya shule, akailaza juu ya mbao, na kona moja ilikuwa imepanda hata kidole kikapita chini ya rula.

Wiki mbili za joto la prosesa ziliikausha ile mbao upande mmoja. Ilijipinda kama inavyojipinda mbao yoyote mbichi, na skrubu za Baba, zilizokazwa kwa ajili ya magunia, ziliipinda carte yangu nayo. Mguu mmoja wa feni ulikuwa umetoka kwenye tundu lake. Kumbukumbu zilikaa upandeupande.

Baba angeweza kunong'ona. Alisimama.

“Mbao ni yangu,” akasema, kwa sauti ya kufika langoni. “Niliikata mubichi, nikaifunga mubichi. Mutoto hana kosa, na mbio haina kosa.”

Niliona mtu wa makala akigeuza shingo kutazama chukudu zake, mbili zilizokuwa tayari na mbili zilizokuwa bado miti.

Sikuwa na muda wa kufikiria hayo. Nilipaka dawa nyeupe upya, nikabonyeza miguu minne ya feni mpaka kila mmoja ukalia, nikalaza carte juu ya raba nne za tairi bila skrubu hata moja. Nikabonyeza. Ikawaka. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini na moja.

“Muzuri,” akasema Papa Dieumerci, naye alikuwa anajua kuhesabu. “Lakini wakati iliisha.”

Alikuwa sawa. Mpaka nifungue kazi, itakuwa saa nne na dakika ishirini na tano. Zingebaki dakika mia mbili na kumi na tano, na mimi nilihitaji mia mbili ishirini na nne. Nikahesabu kwenye mavumbi ya mbao kwa kidole. Nikafuta, nikahesabu tena. Kisha nikafanya hesabu ya nambari ile iliyonikatalia Jumatano, mia mbili sitini na sita. Dakika mia mbili na kumi na moja. Zilibaki nne.

Nikamwambia Mama nitaipandisha.

“Ile namba njo iliizimisha Jumatano,” akasema Papa Dieumerci. “We mwenyewe ulisema pale kwa kimeza ya unite.”

Nikamwambia Jumatano feni ilikuwa na miguu mitatu, leo ina minne. Sikumwangalia nikisema. Nilikuwa nimeshanyosha mkono kwa Mama, na Mama alikuwa ameshika kona ya kitambaa chake kwa vidole viwili, bila kuifungua. Ndani ya kadi ile kulikuwa na kwaya nzima, akina mama kumi na tisa waliochangia kamera. Akamtazama Baba.

“Papa Noela?”

“Tutaona,” akasema Baba.

Mama akafungua fundo.

Niliandika mia mbili sitini na sita, nikaweka kadi, nikaanza kazi. Dakika ya kwanza. Ya pili. Katika dakika ya tatu niliweka mgongo wa kidole kwenye chuma cha feni, nikangoja kuchomwa. Kilikuwa na joto la chai iliyosahauliwa. Dakika ya nne ikapita, ya kumi ikapita. Baba alirudi kwenye kazi yake. Papa Dieumerci alisema anakwenda, akakaa kwenye gogo. Mimi nilikaa na daftari nikiandika saa kila robo, na kila robo mstari wa bluu unaoonyesha kazi imefika wapi ulikuwa pale nilipouhesabia, si mbele, si nyuma. Mama alimaliza maharagi, akachambua mchele, akamaliza mchele, akaanza kuchambua maharagi yaliyokwisha kuchambuliwa.

Ilimaliza saa saba na dakika hamsini na sita. Nikafungua filamu: akina mama kumi na tisa wakitikisika kwa rangi, na mstari wa zambarau ukimpita Mama begani. Nikaizima mashine kwa mkono wangu saa saba na hamsini na nane, ili asije mtu kusema ni umeme ulioamua.

Jumatatu Mama alikwenda kwa prefe na karatasi. Aliporudi hakunisifu. Alisema amesoma orodha iliyobandikwa dirishani, wako thelathini na wawili sasa pamoja na mimi, na atakuwa anapita tena kuhesabu, kwa hiyo nisithubutu kupungua.

Nikiwa kijana nilisimulia habari hii kama ushindi wangu. Nilimwigiza Papa Dieumerci anavyonusa, na watu walicheka. Nilipokuwa na miaka ishirini na mbili, Mama aliniuliza kama najua kwamba mtu wa makala alidai arudishiwe pesa yake siku ile ile jioni. Sikujua. Alizichukua na kuagiza chukudu zote nne kwa fundi mwingine, ambaye pia alichonga mbichi, ila yeye hakuwa amesema. Habari ikatembea. Karibu mwaka mzima Baba aliitwa Papa Mubichi, na mimi nilidhani wanamsifia kwamba hazeeki.

Nilichokielewa hapo, nikiwa mtu mzima mwenye duka, ni kwamba kwa mashine lile neno la Baba halikuhitajika. Angefungua skrubu kimya, akaniambia “jaribu tena”, na filamu ingetoka saa ile ile. Hakuna fundi anayefungua kinywa chake mbele ya wateja kusema kazi yangu ndiyo mbovu. Najua, ninafanya kazi hiyo. Nimeshasema “ni umeme” mara nyingi kuliko ninavyopenda kuhesabu. Lakini Papa Dieumerci alikuwa amesema mbele ya watu kwamba nimeua mashine, na watu wangeondoka wakiamini, na mimi pia nilikuwa nimeanza kuamini. Baba alipima chukudu nne upande mmoja na mimi upande wa pili, muda wa kusimama kutoka magotini. Mimi hesabu ya namna hiyo ningeirudia mara mbili, na muda ungekuwa umepita.

Nawaandikia haya kwa sababu ya jambo la wiki tatu zilizopita. Baba alikuja dukani. Ana miaka sitini na saba, magoti yamechoka, na wasukumaji anaowauzia wanazeeka naye. Alitoa karatasi ya mfuko wa sementi aliyokuwa ameichorea kwa kalamu ya useremala: chukudu yenye mota ya umeme kwenye gurudumu la nyuma, na betri chini ya mizigo. Mbele ya wafanyakazi wangu wanne na wateja wawili, nilicheka. Nikamwambia Papa, haiwezekani, mbao haitashika. Akaikunja karatasi mara nne, akaagana na kila mtu kwa mkono, akaenda.

Tangu ile harufu ya juzi, nimeshawaambia wale wanne kwamba nilicheka bila kuhesabu. Wateja wale wawili niliwatafuta, mmoja Mabanga na mwingine Birere, nikawaambia pia. Walifikiri nimekuja kudai. Sasa nimehesabu. Chukudu na mizigo na mtu ni kama kilo mia nne, na barabara ya Kibumba inapanda bila huruma. Kwenye karatasi inakubali, kwa shida, lakini mota sijawahi kuifunga kwenye gurudumu la mbao. Kama wewe umefanya, au umemwona aliyefanya, nishauri: mota ya wati ngapi, ekseli uliishikaje, na ukiteremka na mizigo unafunga breki mbele au nyuma? Mbao nimeshanunua, imekauka miezi kumi na minne, nimeilalia rula pande zote. Usiniambie kuhusu bei, bei niachie mimi.